Mbegu za Sista Insaf na Ufunguo wa Chumba Namba Tisa

"Kikao cha Jumanne ni Insaf, na Insaf akiondoka kikao kimekwisha. Mimi nina uzoefu wa miaka thelathini. Uzoefu ndio ushahidi."

Maneno hayo yalitamkwa na Dk. Wagdi Shatla, mkuu wa upasuaji na kaimu mkurugenzi wetu, katika mkutano wa wakuu wa idara wa tarehe 24 Februari. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na hakuwa na hata karatasi moja mbele yake. Sentensi tatu. Ya katikati naikubali, maana kalenda haigombani na mtu. Ya kwanza nitaijibu hadi mwisho wa makala haya. Ya tatu naijibu hapa hapa: mtu anaweza kukosea jambo lile lile kila siku kwa miaka thelathini, asiambiwe na yeyote kwa sababu ya cheo chake, kisha akaliita kosa hilo uzoefu. Kama miaka peke yake ingekuwa ushahidi, punda wa kinu angekuwa profesa wa jiografia.

Sasa tufuate desturi. Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, Sista Insaf Qandil anatimiza miaka sitini na anastaafu, baada ya kuitumikia Hospitali ya Ukingo wa Mashariki, hapa Damietta, kwa miaka arobaini na mmoja. Aliingia mwaka 1978, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa, akiwa na cheti cha uuguzi, viatu vilivyombana na tabia moja ambayo msimamizi wake wa kwanza aliiandika kwenye faili kwa wino mwekundu: "Anauliza sana." Faili hilo bado lipo. Katika miaka arobaini na mmoja hakuna aliyeandika humo jambo la kweli kuliko hilo.

Miaka kumi na mitano ya kwanza alifanya kazi kama tulivyofanya sote, yaani alifanya alichoambiwa na aliyeambiwa na aliyeambiwa. Tuliosha majeraha kwa dawa iliyochoma kwa sababu dawa isiyochoma haikuonekana kuwa dawa. Kila mgonjwa wa upasuaji alinyolewa jioni ya kuamkia siku yake na Fundi Zaghlul, kinyozi wa hospitali, mtu wa kuajiriwa kabisa, mwenye koti jeupe, sanduku la nyembe na mkono mwepesi ambao mji mzima uliusifu. Fundi Zaghlul alikunyoa kuanzia kitovuni hadi magotini huku akikusimulia habari za mji, na ulipoinuka alikuambia "Na'iman!" kama tunavyomwambia mtu yeyote aliyetoka kunyolewa au kuoga, nawe ukajihisi bwana harusi.

Mwaka 1993 kaka yake Insaf, Sabri, seremala, aliletwa kupasuliwa ngiri. Fundi Zaghlul alimnyoa vizuri kiasi kwamba baba yao alisema kijana hakuwa safi hivyo hata siku ya ndoa yake. Siku ya nne jeraha lilianza kutoa usaha. Sabri alilala wodini wiki sita. Alipoteza kazi ya msimu mzima, na ilibaki kidogo tu apoteze zaidi ya kazi. Wote tulimwambia dada yake kwamba ni mapenzi ya Mungu. Insaf alisema hana ugomvi na mapenzi ya Mungu, ila anataka kujua kwa nini mapenzi hayo yanawaandama zaidi waliolala hospitalini usiku mmoja kabla ya kupasuliwa kuliko wale wanaoletwa mbio Ijumaa, siku ambayo Fundi Zaghlul yuko nyumbani kwake.

Alianza kuandika kwenye daftari. Msimamizi akalichukua, kwani muuguzi hakuruhusiwa kuweka kumbukumbu za majeraha ya daktari. Hapo ndipo zilipoingia mbegu. Mji huu hauwezi kukaa nusu saa bila kutafuna mbegu za kukaanga, na hakuna kanuni ya wizara inayomkataza muuguzi kuwa nazo. Insaf aliweka chupa mbili za jamu kwenye dirisha la Chumba Namba Tisa, kilichokuwa chumba cha wauguzi cha kupumzikia. Chupa ya kulia ilikuwa ya wagonjwa walionyolewa, ya kushoto ya wasionyolewa. Kila mgonjwa aliyepasuliwa alipata mbegu moja: nyeupe ya boga kama jeraha lilikauka salama, nyeusi ya tikiti kama lilitunga usaha. Chupa zilijaa polepole mbele ya macho ya wote, na kila aliyeziona alidhani Insaf anaweka akiba ya sikukuu.

Baada ya miezi mitano ikatokea ile Ijumaa. Ilikuwa mechi ya watani wa jadi, na televisheni pekee iliyoshika picha ilikuwa ya Chumba Namba Tisa. Daktari wa zamu alikuwa kijana mmoja mpasuaji, mwenye nywele nyingi na uzoefu wa miaka mitano, jina lake Wagdi Shatla. Jumamosi asubuhi Insaf aliingia akakuta chupa ya kushoto tupu na sahani imejaa maganda. Tulioshuhudia tunakumbuka mazungumzo yaliyofuata kama watu wengine wanavyokumbuka vita.

"Daktari, ni wewe uliyekula mbegu zangu?"

"Sista, usiniaibishe kwa mbegu. Jioni nakuletea kilo mbili, zenye chumvi na zisizo na chumvi."

"Sitaki kilo mbili. Umenilia wagonjwa themanini na wanane."

Dk. Wagdi alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Insaf alikwisha kaa sakafuni na ile sahani mapajani, anahesabu. Kila ganda lilikuwa limepasuka vipande viwili kamili, maana Dk. Wagdi, tumpe haki yake, ni mlaji nadhifu. Vipande vyeupe mia moja sabini. Vipande vyeusi sita. Gawa kwa mbili: themanini na tano, na tatu. Jumla themanini na wanane, hakupotea hata mmoja.

"Na chupa ya kulia, mbona hukuigusa?" aliuliza Insaf bila kuinua kichwa.

"Ile ina nyeusi nyingi, Sista! Nyeusi ina kazi, unamenya nusu saa unapata punje ya kumlisha sisimizi. Hii ilikuwa nyeupe karibu yote."

"Rudia, Daktari. Taratibu. Mbele ya hawa."

Akarudia. Alipofika kwenye neno "nyeupe" alianza kupunguza sauti, kwani hata yeye aliona mahali alipokuwa anaelekea. Chupa ya walionyolewa ilikuwa na mbegu tisini na sita, na kati yake kumi na nne nyeusi. Ya wasionyolewa, tatu. Shahidi wa kwanza wa upande wa Insaf katika kesi dhidi ya wembe alikuwa mtu ambaye leo anasema uzoefu ndio ushahidi. Alikula ushahidi, akaumeng'enya, na bado ukamshinda.

Insaf mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba mbegu hazitoshi. Wagonjwa wa Ijumaa ni wa dharura, alisema, huenda wanatofautiana na wengine kwa mambo mengi zaidi ya nywele, kwa hiyo tukaangalie kama kuna waliopima vizuri zaidi yetu. Kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alipanda basi kwenda maktaba ya kitivo cha tiba cha Mansura. Makala yaliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya dawa. Makala ya kwanza, kurasa nne, yalimchukua wiki tatu na kamusi. Alirudi akiwa na jambo lililojulikana duniani tangu kabla hajaajiriwa: wembe huacha michubuko isiyoonekana, vijidudu hujipatia makazi humo usiku kucha, na asubuhi mpasuaji anawafungulia mlango. Nywele zisizozuia kazi ziachwe. Zinazozuia zikatwe kwa mashine, muda mfupi kabla ya upasuaji. Mkuu wa upasuaji wa wakati huo, mzee mkali aliyekuwa haamini hata saa yake, alizitazama chupa, akasoma makala, akaamuru nyembe ziwekwe kando miezi mitatu. Hazijarudi mpaka leo.

Watu wengi wangeishia hapo kwa vigelegele. Insaf aliishia mlangoni kwa Fundi Zaghlul, ambaye alikuwa na mabinti watatu wa kuozwa, na katika mji wa maseremala huwezi kumtoa binti nyumbani na kiti kimoja; lazima aende kwa mumewe na fanicha kamili.

"Dada Insaf," alisema Fundi, "mimi nimenyoa nusu ya mji huu. Nimenyoa wabunge, nimenyoa kadhi. Leo unasimama kuwaambia watu mkono wangu mchafu?"

"Mkono wako hauna kosa, Fundi. Wembe ndio unaochubua, michubuko ambayo macho hayaioni."

"Kama macho hayaioni, wewe umeionaje?"

"Nimeona usaha wa Sabri."

Sabri ndiye aliyemtengenezea Fundi kiti chake cha kinyozi. Fundi akasema, "Basi nichinjeni. Lakini msinichinje kwa mbegu za boga, watu watanicheka hadi kaburini."

Hakuchinjwa. Insaf alizunguka ofisi za utawala mwezi mzima akisema hospitali haiwezi kumfukuza mtu kwa kosa ililomfundisha yenyewe. Fundi alipewa mashine ya kukatia nywele, na kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ndogo, akapewa nyingine iliyokuwa haina mwenyewe: kusimama karibu na sinki mlangoni mwa wodi na kuona nani ananawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Mabango ya wizara yalikuwa yamening'inia pale miaka mingi bila kumnawisha mtu. Fundi Zaghlul hakubandika bango. Kila aliyenawa vizuri, mpaka vifundoni, alimwambia "Na'iman, Daktari!" kwa sauti ya kinyozi, wodi nzima ikasikia. Asiyenawa hakuambiwa neno. Fundi aliitazama tu mikono yake, kimya, kama kinyozi anavyotazama kichwa kilichoharibiwa na kinyozi mwingine.

Msiniambie madaktari ni watu wa mantiki. Niliona wakubwa wenye shahada za nje wakirudi sinkini mara ya pili kwa sababu Fundi alikuwa anapiga chafya wakakosa "Na'iman" yao. Lakini Insaf hakuamini alichokiona, alitaka kipimwe: wodi moja ikawekewa Fundi, nyingine ikabaki na mabango, kwa wiki nane. Kwenye mabango walinawa watu watatu katika kumi. Kwa Fundi, wanane. Wiki ya tisa wakabadilishana wodi, na hesabu zikageuka vilevile. Hata dua ya kinyozi, katika hospitali hii, ilipimwa kabla ya kutumika.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kikao cha Jumanne, mwaka 1995, saa moja asubuhi, Chumba Namba Tisa. Utaratibu wake haujabadilika. Mtu anakuja na swali kutoka kitandani kwa mgonjwa, si kutoka kichwani kwake. Swali linaandikwa ubaoni kwa maneno ambayo msafishaji wa wodi anayaelewa. Linatafutiwa majibu, majibu yanapimwa, linalofaa linajaribiwa, na matokeo yanahesabiwa. Asiyehesabu mwisho, alisema Insaf, ni sawa na mtu aliyepika akaondoka bila kuonja, wageni wakifa atasema mapishi yalitoka kitabuni.

Kusoma makala alitufundisha kwa samaki. Alikuja na kibua mzima, akamlaza juu ya meza ya mikutano, akamwita daktari mwanafunzi. "Mnunue," alimwambia. Kijana akasema anaonekana mzuri. "Umemtazama nini?" Macho, Sista. "Macho muuzaji ameyamwagia maji. Fungua matamvua." Kichwa cha makala ni macho ya samaki, alisema, kimemwagiwa maji. Matamvua ni pale walipoandika kimya kimya walichukua wagonjwa wangapi, waliwagawaje, na wangapi walitoroka katikati. "Na uliza nani amemlipa mvuvi." Chumba kilinuka hadi Alhamisi. Kuna madaktari waliosahau majina ya mifupa lakini hawajamsahau kibua yule.

Muuza dawa mmoja, kijana wa suti, alikuja na kalamu za bure, maboksi ya chakula na unga wa majeraha unaoponya, alisema, kwa ubora wa asilimia hamsini zaidi. Insaf alikula chakula kwanza, maana alisema rushwa ikishapikwa ni dhambi kuitupa. Kisha akauliza wagonjwa walikuwa wangapi. Kijana akapekua karatasi. Sita waliotumia unga, sita wasiotumia. Waliopona kwa wiki moja?

"Watatu kwa unga, Sista. Na wawili bila unga."

"Kwa hiyo hiyo asilimia hamsini yako ni mtu mmoja."

"Kwa... kwa hesabu hiyo, ndiyo."

"Anaitwa nani? Tumpelekee salamu."

Msidhani alikuwa mtu wa kudharau tiba za wananchi. Maseremala wetu wakikatwa na msumeno huja idara ya dharura vidole vimejazwa kahawa ya unga, kama mama zao walivyowafundisha, nao wanafunzi hucheka. Siku moja alikuja mzee, kidole gumba kimefunikwa kahawa mpaka kinanukia, na mwanafunzi mmoja akasema, "Hajj, ungeongeza sukari." Insaf alimtoa nje. Kijana aliporudi, Insaf alimwuliza ana ushahidi gani kwamba kahawa inadhuru. Hakuwa nao. Na kwamba inafaa? Hakuwa nao pia. "Basi umemcheka mzee kwa kujua nini?" Wakatafuta wiki mbili, wakakuta vipande vipande visivyojenga kitu. Insaf aliandika ubaoni neno ambalo alisema ndilo gumu kuliko yote katika tiba: HATUJUI. Chini yake akaandika linalojulikana, kwamba maji safi ya bomba huosha jeraha la kawaida sawa na maji ya chumvi ya chupa, na kwa wingi. Kisha akamwambia mzee, "Hajj, kahawa wape wageni. Kidole kipe maji." Mzee akajibu, "Heri. Mke wangu amenuna tangu asubuhi, ile ilikuwa ya iliki."

Wapinzani wake husema Insaf alipenda kusahihisha wengine. Basi niandike siku aliyosahihishwa yeye, maana ndiyo siku ninayomwonea fahari zaidi.

Kwa miaka mingi sheria yake ilikuwa chuma: mwanamke aliyejifungua kwa kupasuliwa asile kitu mpaka atoe upepo kwa chini, ishara kwamba matumbo yameamka. Wodi ya wazazi ilikaa kama mji unaongoja mwezi wa Idi. Mama wakwe walikesha, waume walipiga simu, na sauti ikisikika habari ilikimbia ukumbini kwa shangwe. Mwaka 2011 alikuja muuguzi mpya, Rihab Mutawalli, miaka ishirini na mitatu, sauti ndogo. Jumanne yake ya tatu aliinua mkono. "Sista, samahani. Hii ya kungoja upepo, ushahidi uko wapi?"

Mtu aliangusha kijiko. Insaf akampa Rihab chaki. "Andika swali. Una wiki mbili."

Rihab alileta makala tisa, yamefunguliwa matamvua. Kuwalisha mapema hakukuwadhuru, na matumbo yao yaliamka haraka zaidi. Insaf aliyasoma yote usiku na mchana. Jumanne iliyofuata alisimama mbele yetu, akaandika jina lake mwenyewe ubaoni chini ya neno MAKOSA, akasema, "Nimewanyima wanawake chakula miaka ishirini na mitatu. Yupo mke wa Sabri, ambaye kila Idi ananiuliza kama leo ameruhusiwa kula."

Mama mkwe mmoja aliyepata habari wodini hakushangaa hata kidogo. "Sisi tulikuwa tunawapa supu ya kuku kwa siri, Sista. Nyinyi mkingoja upepo, sisi tulishamaliza paja."

"Wewe umewalisha wangapi?"

"Mabinti na wakwe, saba."

"Andika, Rihab," alisema Insaf. "Saba. Ushahidi dhaifu, lakini umekuja mapema kuliko sisi."

Sasa turudi kwa Dk. Wagdi na sentensi yake ya kwanza. Anasema kikao ni Insaf. Je, aliyemshinda Insaf mwaka 2011 alikuwa Insaf? Kitu ambacho ni cha mtu mmoja hakiwezi kumsahihisha mtu huyo mbele ya watu akatoka na chaki mkononi akicheka. Rihab ameongoza kikao Jumanne nyingi kuliko Insaf katika miaka miwili iliyopita. Fundi Zaghlul, aliyestaafu miaka kumi iliyopita na sasa ana sabini, bado anakuja na kukaa mstari wa mbele. Mwezi uliopita alimwuliza profesa mgeni, "Bwana, wagonjwa wangapi walitoroka katikati?" Profesa akavuta glasi ya maji akanywa. Walikuwa wengi.

Na tuseme wazi kinachofanyika, maana kila mtu ananong'ona na mimi sijui kunong'ona. Wiki iliyopita kufuli ya Chumba Namba Tisa ilibadilishwa. Ufunguo mpya ni mmoja tu, nao uko mfukoni mwa kaimu mkurugenzi. Chumba kinakusudiwa kuwa ukumbi wa mapumziko wa madaktari wakuu, na seti ya viti imekwisha agizwa, vya kuchongwa, rangi ya dhahabu, miguu ya simba. Najua kwa sababu aliyepewa kazi ya kuvichonga ni Sabri Qandil. Sabri amemwambia kaimu mkurugenzi kwamba ana kazi nyingi, na mbao za miguu ya simba lazima zikaushwe kwanza miaka minne.

Ndani ya chumba hicho, dirishani, kuna chupa mbili mpya za jamu. Ni za Rihab. Ameuliza kama wagonjwa wa ngiri wanaoinuliwa kutembea siku ile ile wanarudi nyumbani salama kuliko wanaolazwa siku mbili kama tulivyozoea. Hadi mlango unafungwa alikuwa na wagonjwa sitini na mmoja. Alihitaji mia mbili. Kila siku kufuli inapokaa pale, wagonjwa wanapasuliwa, wanapona au hawaponi, na hakuna mbegu inayoingia. Baada ya miezi sita tutakuwa na viti vya dhahabu na hatutajua, na hatutajua kwamba hatujui.

Jumapili nilimwuliza Insaf kama amekasirika. Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye boksi: kamusi iliyopasuka mgongo, kibua wa plastiki aliyepewa na wanafunzi wa mwaka 2006, daftari lililorudishwa na msimamizi siku msimamizi huyo alipostaafu. "Kwenye karamu ya kuniaga," alisema, "msininunulie saa wala ngao ya kioo. Nifungulieni mlango tu." Sikuwa nimewahi kumsikia akiomba kitu hospitalini hapa kabla ya siku hiyo.

Sista Insaf, wagonjwa ambao hawatajua kamwe kwamba wangeweza kulala wiki sita hawawezi kukushukuru, kwa hiyo tunakushukuru sisi kwa niaba yao. Mungu akupe afya, asubuhi ndefu zisizo na kengele, samaki wabichi kutoka kwa wavuvi wa Ezbet el-Borg na wajukuu wanaouliza sana. Jumatatu usipande basi kwenda popote.

Wakuu wa idara, mlikaa katika mkutano wa tarehe 24 mkainamisha vichwa. Jumanne tarehe 19 Machi, saa moja asubuhi, njooni Chumba Namba Tisa mmesimama wima, kila mmoja na swali moja kutoka wodini kwake. Fundi Zaghlul atakuwa karibu na sinki, na atawatazama mikono.

Nawe, Dk. Wagdi, kama unaamini uzoefu ndio ushahidi, basi una uzoefu wa chumba hiki kuliko sisi sote. Mpe Rihab Mutawalli ufunguo kabla ya siku hiyo. Na mbegu zilizo dirishani, tafadhali, usizile.